Handikapu katika resi za mashua: kwa nini aliyefika kwanza anaweza kushindwa

Tuseme mashua mbili za tanga zinaanza resi pamoja. Moja ina urefu wa futi 25 kwenye mstari wa maji, nyingine futi 49. Hata asiyejua bahari ataona ipi itatangulia. Chombo kinapokata maji hujitengenezea wimbi, na wimbi refu husafiri kwa kasi kuliko fupi, kwa hiyo chombo kizito hufika mahali kikabanwa na wimbi lake chenyewe. Mafundi wana hesabu yao ya haraka: kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi, mara 1.34, hukupa ukomo wa kawaida wa kasi. Ile ndogo itapata maili 6.7 za baharini kwa saa, kubwa 9.4. Mashua nyepesi zinazopanda na kuteleza juu ya maji huivunja hesabu hii, lakini hoja inabaki palepale: kama hakuna marekebisho, mwenye chombo kirefu atashinda hata akiwa nahodha wa kubahatisha.

Hapo ndipo handikapu inapoingia. Kila chombo hupewa namba inayokadiria kasi yake, kisha namba hiyo hutumika kurekebisha muda kilioutumia baharini. Kwa hiyo kila mshiriki ana muda wa aina mbili: muda halisi, yaani ule wa saa ya mwamuzi, na muda uliorekebishwa, ambao ndio unaotoa mshindi.

Waliozoea gofu huteleza hapa. Kwenye gofu handikapu ni ya mchezaji: humpima mtu na udhaifu wake. Kwenye mashua, kwa kawaida, hupimwa chombo. Namba inachukulia kuwa matanga yako ni mazima, tumbo la mashua halijaota mwani, na mabaharia wako wanajua wanachofanya. Ukichelewa kugeuza tanga wakati wa kupiga bisho (kwenda zigizaga dhidi ya upepo), hasara ni yako na hakuna atakayekufidia. Nadhani hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Vinginevyo kungekuwa na haja gani ya kushindana?

Wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 22 Agosti 1851, schuna (chombo cha tanga chenye milingoti miwili au zaidi) iitwayo America ilishinda resi ya kuzunguka Isle of Wight huko Uingereza, na kombe lililotolewa siku hiyo baadaye likapewa jina lake. Ilikuwa chombo cha tani 170. Aliyefuata nyuma yake alikuwa Aurora, wa tani 47. Siku hiyo hapakuwa na fidia ya muda kwa tofauti ya ukubwa, ingawa fidia za namna hiyo zilikuwa tayari zinajulikana.

Fidia hukokotolewa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza hufuata umbali. Mfumo wa PHRF, uliozoeleka Marekani na Kanada, hutoa namba ya sekunde kwa kila maili ya baharini. Namba ikiwa ndogo, chombo ni cha kasi zaidi. Chukua chombo kikubwa chenye namba 60 na kidogo chenye 150. Tofauti ni sekunde 90 kwa maili, kwa hiyo kwenye njia ya maili 12 mdogo anamdai mkubwa dakika 18 kabla hata bunduki ya kuanzia haijalia. Mkubwa akimaliza kwa saa 2 kamili na mdogo kwa saa 2 na dakika 16, mdogo ameshinda kwa dakika 2.

Uzuri wake ni kwamba nahodha anaweza kufanya hesabu kichwani akiwa bado majini. Ubaya wake unaonekana upepo ukilegea. Resi hiyohiyo ikichukua muda maradufu, mkubwa atamaliza kwa saa 4 na mdogo kwa saa 4 na dakika 32. Wote wameendesha vilevile, uwiano wa kasi ni uleule, lakini fidia imebaki dakika 18, na sasa mdogo ameshindwa kwa dakika 14.

Njia ya pili hufuata muda: muda halisi huzidishwa kwa namba ya chombo. Mpe mkubwa 1.060 na mdogo 0.930. Dakika 120 za mkubwa zinakuwa 127.2, na 136 za mdogo zinakuwa karibu 126.5. Resi ikirefuka maradufu, pande zote mbili zinakua maradufu na mdogo anabaki mbele. Baadhi ya kamati za PHRF nazo hugeuza namba zao ziwe za kuzidisha.

Lakini hata hapa kuna tundu. Upepo ukikata kabisa kwa saa nzima, vyombo vyote vikaelea kama magogo, saa hiyo itahesabiwa dakika 63.6 kwa mkubwa na 55.8 kwa mdogo. Karibu dakika 8 zimemtoka mkubwa hali wote walikuwa wamesimama. Mkondo wa maji unaokuja usoni nao hupindua mambo kwa upande mwingine: chombo cha kasi 6 dhidi ya mkondo wa 2 kinabaki na 4, cha kasi 4 kinabaki na 2. Aliyekuwa nyuma kwa theluthi moja sasa yuko nyuma kwa nusu, na namba yake haijui habari hiyo.

Namba hizi hutoka wapi? Mifumo hutofautiana sana. Portsmouth Yardstick ya Uingereza, ya mashua ndogo hasa, huangalia matokeo ya resi zilizopita; PHRF hutegemea kamati za mahali, zinazotazama matokeo na kujadiliana (na kulalamikiwa). ORC hupima umbo la chombo, uzito, mlingoti na matanga, kisha kompyuta ikakadiria kasi yake kwa nguvu mbalimbali za upepo na pande mbalimbali. Ndiyo sababu chombo kimoja kinaweza kuwa na namba zaidi ya moja, ichaguliwe inayolingana na hali ya siku. IRC, inayosimamiwa kutoka Uingereza na Ufaransa, hutoa namba moja ya kuzidisha, na fomula yake ni siri.

Siri hiyo ina historia. Miaka ya 1970 na 1980 kanuni ya handikapu iitwayo IOR ilipima vyombo katika sehemu maalumu, na wabunifu walizijua. Wakavimbisha ubavu palepale penye kipimo na kubana shetri (sehemu ya nyuma ya chombo), ili karatasi iseme chombo ni cha polepole kuliko kilivyo. Yakatokea maumbo ya ajabu, mengine magumu kuyaongoza upepo mkali ukitoka nyuma. Fomula isiyojulikana ni ngumu zaidi kuichezea. Kwa upande mwingine, mwenye chombo analazimika kuamini bila kuona.

Resi ya Sydney hadi Hobart huko Australia, ya maili 628 za baharini, huonyesha vizuri mambo haya yote. Wa kwanza kuvuka mstari hupigwa picha na kupata heshima yake. Kombe kuu, la Tattersall, huenda kwa mwenye muda mdogo uliorekebishwa kwa IRC. Basi nahodha wa mashua kubwa anaweza kuwa ameshaoga, amekula na amelala usingizi wa kutosha pale Hobart, huku akiendelea kuulizia mashua fulani ya futi thelathini na kitu iko wapi, na upepo huko iliko unavumaje.