Gitaa lako si bovu, nati ndiyo iliyo juu

Magitaa mengi yanayoletwa kibarazani kwangu hapa Chumbageni, Tanga, yakiwa yameshahukumiwa kuwa mabovu hayana ubovu. Maelezo ya wenyewe hayatofautiani: nyuzi zikipigwa wazi zinalia vizuri, programu ya simu ya kupimia sauti za nyuzi inaonyesha kijani kwa zote sita, lakini ukishika kodi ya F tu, yaani sauti kadhaa zikilia kwa pamoja, zinagombana. Ukienda G, afadhali. Ukirudi F, vurugu. Basi mtu anaamua ama kauziwa gitaa feki, ama sikio lake si la muziki. Hilo la pili linaniuma kweli, kwa sababu nimewaona vijana wenye masikio mazuri wakilitundika gitaa ukutani wasilishushe tena, kisa kipande cha plastiki kisichozidi upana wa vidole vitatu.

Juzi kanijia kijana wa mtaani.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Limefanya nini?”

“Linadanganya, mjomba. Nikishika huku karibu na kichwa linadanganya, nikishuka huku katikati linasema kweli.”

Kijana huyo alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi yangu. Gitaa linaloanza kusema uongo freti ya 1, kile kijiti cha chuma cha kwanza shingoni, na kuacha kidogo kidogo kadiri unavyoteremka, tatizo lake ni nati, ile fito nyembamba yenye mifereji sita iliyokaa kati ya kichwa na shingo.

Sababu ni hii. Ukibonyeza uzi mpaka uguse freti, umeuvuta. Uzi ukivutwa unakaza, na ukikaza sauti inapanda. Kila gitaa liko hivyo na mtengenezaji anaifidia hali hiyo kule kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia kifuani mwa gitaa. Lakini nati ikiwa juu mno, pale freti ya 1 uzi unalazimika kushuka sana ukiwa karibu kabisa na mwisho wake, mahali usipo na nafasi ya kunyumbuka, kwa hiyo mvuto unakuwa mkubwa kuliko popote shingoni. Freti ya 2 sauti haipandi sana kama ya 1, ya 3 inapungua tena, na ukifika ya 7 husikii kitu. Kodi ya F imekaa palepale kwenye ugomvi. Programu ya simu haikuonyi, maana unapoitumia nyuzi ziko wazi, hukubonyeza chochote.

Viwanda vinavyotoa magitaa ya bei nafuu huacha mifereji ya nati juu kwa makusudi. Mfereji ukichimbwa mno uzi unagonga freti na kulia, mteja anarudisha mali dukani siku hiyo hiyo. Ukiachwa juu, hakuna anayeng'amua pale dukani. Kushusha mifereji sita kwa mkono, mmoja mmoja, kunataka muda wa fundi, na muda huo haumo kwenye bei uliyolipa.

Kupima ni rahisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 1. Inatakiwa iwe nyembamba kabisa, karatasi moja ya daftari ipite kwa taabu, yaani kama milimita 0.1 au pungufu. Ukiona mwanga wa kutosha kupitisha kadi ya simu, umempata mwizi.

Ila usikimbilie tupa. Shingo kwanza. Mimi riziki yangu ni umeme wa magari, kwa hiyo sikuhitaji kununua kifaa kipya: natumia filagegi, zile bapa nyembamba za chuma tunazopimia nafasi ya plagi. Bonyeza uzi wa 6, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya mwisho kwa pamoja. Uzi umekuwa rula. Pale freti ya 7 ingiza bapa ya milimita 0.25, ikipita kwa kugusa tu, shingo imekaa vizuri. Nafasi ikiwa kubwa mno, shingo imepinda kwa mvuto wa nyuzi, unakaza ile fito ya chuma ya ndani kwa alenki, robo mzunguko, unaacha itulie, unapima tena. Gitaa la kawaida la nyuzi za chuma hubeba mvuto wa karibu kilo 70 usiku na mchana. Ukishusha nati wakati shingo imepinda, siku utakayoinyoosha nyuzi zitalala juu ya freti na kazi yote imeharibika.

Sasa mfupa. Plastiki ya kiwandani mara nyingi ina uwazi ndani na ni laini, uzi unaila. Mimi natengeneza nati mpya kwa mfupa wa muundi wa ng'ombe, ule mrefu wa mguu unaouzwa kwa ajili ya supu. Ukishaisha utamu wake nauchemsha tena na sabuni ya unga, namwaga maji yaliyopanda mafuta, nachemsha mara nyingine mpaka maji yatoke safi. Mfupa wenye mafuta unabaki na rangi ya manjano na unateleza chini ya tupa. Nauacha juani ukauke mpaka ndani, nakata kipande kwa msumeno wa chuma: urefu wa milimita 43 hivi kwa gitaa la nyuzi za chuma, 52 kwa lile la nailoni. Upande wa chini nausugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, kwa sababu kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote nyumbani. Nauweka mahali pake na kuuinua dhidi ya mwanga. Pakionekana mwanya kati ya mfupa na mbao, narudi kwenye kioo. Vaa barakoa wakati wa kusugua, vumbi la mfupa si la kuvuta.

Tupa za kuchimbia mifereji ya nati zinauzwa ghali na huku hazipatikani. Nenda kwa wachomeleaji wa gesi, waombe zile sindano zao za kusafishia ncha za tochi. Ni fungu la vyuma vyembamba vyenye meno, kila kimoja na unene wake, na kuna vinavyolingana vizuri kabisa na nyuzi. Chimba mfereji ukiinamia upande wa kichwa, ili uzi uachane na mfupa kwenye ukingo unaotazama freti. Mfereji ukiinama kinyume, uzi unagusa mahali pawili na sauti inatoka na mvumo usiokwisha. Toa kidogo, rudisha uzi, kaza, pima, legeza, toa kidogo tena. Mwisho paka risasi ya penseli ndani ya mfereji, uzi usikwame unapokaza funguo.

Kwa nini najali kiasi hiki sauti isipotoke hata kidogo? Jibu liko Ngamiani, mtaa wa hapa hapa Tanga.

Nimekulia kwenye zile barabara za namba, nyumba ambayo mjomba alikuwa na santuri nyingi kuliko viti. Enzi kubwa ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi mbili zilizoufanya mji huu ujulikane Afrika Mashariki nzima miaka ya 1960 na 1970, mimi niliipokea kupitia santuri hizo, na kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam jioni. Wakubwa walikuwa na upande: huyu Atomic, yule Jamhuri, na ubishi wao haukuwa wa utani. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na taarab ya Black Star na Lucky Star, zilizomlea mwimbaji Shakila, na hiyo taarab ya Tanga nayo ilikuwa na gitaa la umeme na besi ndani yake. Kwa hiyo mtoto wa Ngamiani alikuwa hana pa kulikwepa gitaa, si dansini, si harusini.

Nilichokuwa nasikiliza sikukijua jina lakini nilikielewa. Solo liko juu kabisa, freti ya 12 kwenda mbele, linaongea na mwimbaji. Gitaa la pili liko katikati ya shingo, limeshika kamstari kafupi kanachozunguka bila kuchoka. Ridhimu liko chini, karibu na nati. Wote watatu wako ndani ya kodi moja, kila mmoja kwenye kimo chake cha shingo, na sauti ni safi, haina mkwaruzo wa kuifunika. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa hapa hapa Tanga, walipita Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Nairobi, walikounda Simba Wanyika mwaka 1971. Sikiliza magitaa yao yanavyopeana nafasi. Muziki wa namna hiyo hauvumilii gitaa linalosema jambo moja freti ya 1 na jingine freti ya 12. Anayepiga chini na anayepiga juu wakitofautiana hata kidogo, utamu wote unatoka.

Gitaa letu la kwanza alilijenga kaka yangu kwa debe la mafuta ya kupikia na ubao. Nyuzi zilikuwa nyaya za breki ya baiskeli: unaifumua waya nzima, unapata nyuzi nyembamba za chuma zenye unene unaokaribia uzi wa 1 wa dukani. Zilikuwa zimeshazoea kujisokota, zikikatika zinakatikia pale pale penye kikunjo. Nyuzi nene zilikuwa za mshipi wa kuvulia. Freti zilikuwa vipande vya spoki, na kaka alizipanga kwa sikio, akitelezesha kipande huku na huku mpaka aridhike, kisha akakifunga. Aliyekuwa na hakika nayo ni moja tu, ya 12. Alikunja kamba katikati, akaweka alama. Alikuwa sahihi kabisa.

Hesabu yenyewe nilikuja kuijua ukubwani. Chukua urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja, tuseme milimita 650. Gawanya kwa 17.817, unapata karibu 36.5: hapo ndipo inapokaa freti ya 1. Kilichobaki, 613.5, gawanya tena kwa 17.817, unapata 34.4, weka freti ya 2. Endelea hivyo na ukifika ya 12 utajikuta umesimama nusu kamili, milimita 325, pale pale kwenye alama ya kaka.

Nusu hiyo ndiyo inayotumika kupima daraja. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, utatoa mlio mwembamba kama kengele. Kisha bonyeza freti hiyo hiyo, upige tena. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ya kugusa, uzi ni mfupi mno, rudisha kijiti cha daraja nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Nyuzi nene zinahitaji kurudi nyuma zaidi, ndiyo maana kijiti kimekaa mshazari kwenye gitaa la kawaida. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya tu. Uzi uliokula kutu haulingani unene mwanzo hadi mwisho, nao hauwezi kukupa jibu la kweli.

Kutu ndiyo kodi tunayolipa kwa kukaa pwani. Futa nyuzi kwa kitambaa cha pamba kila ukimaliza kupiga, juu na chini, na chini ndiyo sehemu inayosahaulika. Masika yakiingia mbao inanyonya unyevu, kifua cha gitaa kinavimba nyuma ya daraja na nyuzi zinapanda juu. Magitaa mengi yamejengwa kwenye vyumba vyenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, hewa ambayo Tanga huipati kirahisi. Usiliweke kwenye gari lililofungwa juani Raskazone ukaenda kuogelea. Gundi inalainika, na kilo 70 zinangoja nafasi hiyo hiyo kung'oa daraja.

Kwa wenye gitaa la umeme: pikapu, ile koili ya sumaku inayonasa mlio wa nyuzi, ikinyamaza ipime kwa multimeta kabla ya kuitupa. Ya koili moja ikisoma kati ya kiloomu 6 na 8, ni nzima, tafuta kosa kwenye jeki au kwenye swichi. Isiposoma kabisa, waya umekatika, na mara nyingi umekatikia nje, pale unapounganishwa, penye kutu ya kijani. Ule waya ni mwembamba kuliko unywele, una mizunguko elfu kadhaa, na nimeshawahi kuuokoa kwa kufumua mzunguko mmoja tu na kuchomelea upya. Na tafadhali, amplifaya iwe na waya wa ethi unaofanya kazi. Ukihisi mtekenyo midomoni unapokaribia maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi, zima kila kitu palepale. Ni volti 230, na gitaa unalo mikononi.

Ukishamaliza shingo, nati na daraja, usiridhike na simu. Mwite mwenzako mwenye gitaa lililo sawa, yeye ashike C chini karibu na nati, wewe uishike juu, freti ya 12 kwenda mbele. Sauti mbili zikitofautiana kidogo utasikia mawimbi, wa-wa-wa, na kadiri zinavyokaribiana mawimbi yanapungua kasi mpaka yanapotea. Uzi utakaokusumbua hapo, kwa gitaa lenye nyuzi za chuma, kwa kawaida ni wa 3, hasa ukiwa mtupu usiosokotewa waya. Ni mnene lakini hauna mvuto mkubwa, kwa hiyo kidole kikiukandamiza kidogo tu unapanda. Mfereji wake kwenye nati mimi nauchimba wa mwisho, nikiwa na nyuzi nyingine tano zimeshatulia, na naushusha karibu na mpaka kuliko wenzake.