Panya wa darini hafukuzwi kwa sumu

Mahindi na karanga zikishaingia ndani, simu yangu hapa Tabora haipumziki: "Fundi, darini kunachezwa mpira." Wengi wameshanunua sumu na kufuga paka. Paka darini hafiki. Sumu siipendi kabisa: nyingi zinazouzwa huzuia damu kuganda, hivyo panya huchukua siku kadhaa kufa, naye hufia humo darini, juu ya kitanda chako. Bundi au paka akimla, yuko hatarini naye.

Dawa ni kuziba. Panda darini mchana, zima tochi, macho yazoee giza. Kila panapopenya mwanga ni mlango. Nyumba nyingi mwanga huo utauona pale bati linapolalia ukuta: kila mgongo wa bati unaacha uwazi, na fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, inauficha tu, haiuzibi. Kisha washa tochi uangalie mbao. Panya anapita njia ile ile kila usiku, na mafuta ya manyoya yake huacha weusi unaong'aa kidogo. Ufuate mpaka kwenye tundu. Usiseme ni dogo. Panya mkubwa anapita kwenye uwazi wa sentimita 2, na wale wadogo wa nyumbani wanapita panapopita penseli.

Matambara, magazeti, hata lile povu la kupuliza, vyote anatafuna, maana meno yake ya mbele hayaachi kukua. Wavu wa kuku una matundu makubwa mno. Natumia wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6: naukata kufuata mgongo wa bati, naukunja kingo, naupigilia kwenye mbao. Saruji naiweka kwenye nyufa za ukuta tu. Ukikandika kila mahali, dari haipumui, na joto la Oktoba mnalijua.

Tundu moja liache wazi kwanza, lile lenye weusi mwingi, usije ukawafungia ndani. Mitego iweke hapo, lakini usiitege. Panya wa darini anaogopa kitu kigeni, kwa hiyo mwache ale dagaa wa Kigoma au karanga za kusaga mpaka azoee. Ndipo utege yote usiku mmoja, chambo umekifunga kwa uzi. Kukitulia, ziba.

Halafu kuna mwembe, ambao matawi yake ni daraja la panya kufika kwenye bati. Najua, Tabora bila mwembe si Tabora, na hapo ndipo ninapogombana na kina mama wenye nyumba. Siukati mti, napunguza matawi mpaka yawe mita 2 kutoka kwenye bati.

Kinyesi usikifagie kikavu, vumbi lake lina maradhi. Vaa glavu na barakoa, kilowanishe kwa maji yenye klorini, ndipo ukizoe. Ukiona waya uliotafunwa usiuguse. Zima umeme kwenye meni swichi, umwite fundi umeme.