Springi ngumu haiongezi spidi ya kufyatua, jamani

Nimechoka kuletewa bunduki za easofti (zile za mchezo zinazorusha gololi za plastiki kwa hewa) zimewekwa springi ngumu ya M130, gia zimekatika meno, halafu mwenyewe ananiambia "bro nilitaka tu ipige haraka". Springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma gololi, basi. Hiyo ni spidi ya gololi ikitoka kwenye mtutu. Gololi ngapi zinatoka kwa sekunde, hiyo ni kazi ya mota, gia na betri, na ukiweka springi ngumu mota inavuta mzigo mzito zaidi kwa hiyo inazunguka polepole. Yaani umetoa hela yako kupunguza kilekile ulichokuwa unakitafuta.

Hesabu fupi. Gia za kawaida ni kama 18 kwa 1, mota izunguke mara 18 ndo sekta gia (ile gia yenye meno upande mmoja tu, inayovuta pistoni) imalize raundi moja, gololi moja. Mota ikienda raundi 30,000 kwa dakika, ni 500 kwa sekunde, gawa kwa 18 unapata karibu 28. Gia za 13 kwa 1 zingekupa 38 kama mota ingebaki na spidi ileile, haibaki, inalemewa kiasi, lakini bado unapata nyingi. Kutoka betri ya LiPo ya volti 7.4 kwenda 11.1 ndo njia rahisi kuliko zote, ila weka mosfeti kwanza (swichi ya kielektroniki inayobeba umeme wa mota badala ya triga), zile kontakti za triga zinaungua.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni hiki, ukishamwambia mtu springi haileti spidi anakimbilia upande wa pili, anaweka springi laini eti mota ipate nafuu. Hapana! Meno ya sekta gia yanavuta pistoni nyuma, jino la mwisho linaiachia, springi inairusha, na lazima iwe imefika mbele kabla jino la kwanza halijazunguka kuikamata tena. Ukifikia gololi 40 kwa sekunde raundi nzima ni milisekunde 25, meno yamechukua karibu nusu ya duara, kwa hiyo pistoni imebakiwa na kama milisekunde 12 tu. Springi laini haiwahi. Jino linaikuta pistoni bado iko njiani, meno ya pistoni yanasagika, na ukifungua unakuta unga wa plastiki umechanganyika na grisi. Kwa hiyo ndiyo, bunduki ya kasi inataka springi ngumu kiasi, lakini kazi yake pale ni kuiwahisha pistoni, kasi yenyewe imetoka kwenye mota na gia.

Dawa yake ni kukata meno mawili au matatu ya sekta gia, upande wa kuachia, narudia, upande wa KUACHIA, usiguse jino la kwanza. Pistoni inaachiwa mapema inapata muda. Nguvu inapungua kidogo, hapo sasa ndo unapanda springi moja juu na unapima kwa kronografu, kile kipima spidi ya gololi. Hapa Uingereza kwa sheria ya 2017 bunduki ya kufyatua mfululizo mwisho wake ni jouli 1.3, kwa gololi ya gramu 0.20 ni kama mita 114 kwa sekunde, ukizidisha haihesabiki tena easofti.

Kushimu gia, yaani kuweka washa nyembamba ili gia zisichezecheze, ni lazima, hilo sijadili. Na kabla ya kufungua giaboksi achia ile lachi inayozuia gia zisirudi nyuma, springi ilegee, vaa miwani.

Kuna kitu kimoja lakini nina shaka nacho. Kila fundi anasema ubandike raba nene kwenye kichwa cha silinda, pale mbele pistoni inapogonga, ili jino la kwanza likamate pistoni kwa pembe iliyonyooka. Na mimi nabandika, kila bunduki. Ila nadhani kinachookoa giaboksi za vasheni 2 (aina moja ya giaboksi za easofti) zisipasuke pale mbele ni raba kumeza kishindo cha pistoni, kuliko hiyo pembe wanayoisifia, maana kuna pistoni nimezikuta pembe yake ni mbovu kabisa na meno bado mazima.