Je, wajua kwa nini mnara wa taa ulilindwa na watu watatu?

Usiku usio na mwezi, ukisimama kwenye mwalo wowote wa visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria nchini Uganda, utaona ziwani mstari mrefu wa taa zinazopanda na kushuka pamoja na mawimbi. Hao ni wavuvi wa mukene, samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa na Wakenya omena, ambao hufuata mwanga na kujileta wenyewe wavuni. Siku hizi wengi wao hutumia taa za betri, lakini aliyewahi kukaa karibu na karabai anaijua tabia yake: huipiga pampu, mafuta ya taa yakageuka mvuke, mvuke ukawaka ndani ya kile kijifuko cha nyuzi mpaka kikang'aa cheupe kabisa, kisha, ukijisahau kidogo, mwanga unaanza kufifia na kuwa wa manjano, na mkono unarudi kwenye pampu.

Kichomeo cha namna hiyo hiyo, kilichobuniwa na Arthur Kitson mwaka 1901, ndicho kilichowaka kwa miongo mingi katika minara ya taa iliyosimama kwenye miamba ya bahari za kaskazini ili kuwaonya mabaharia. Kwa hiyo kwamba mnara ulihitaji mtu, hilo halimshangazi yeyote aliyelelewa na karabai. Linaloshangaza ni hesabu: kwa nini watatu, wakati chakula, maji na mafuta vilipelekwa kwa mashua, na kila mdomo wa ziada ulikuwa gharama?

Sababu ya kwanza ni usiku wenyewe. Sisi tunaoishi kwenye mstari wa ikweta tumezoea jua linalozama karibu saa moja jioni na kuchomoza karibu saa moja asubuhi mwaka mzima, na tukisikia kukesha tunafikiria saa kumi na mbili. Kaskazini mwa Uskoti, mwezi Desemba, giza hupita saa kumi na sita. Katika muda huo wote, kuwaka peke yake hakukutosha. Mwaka 1823 Mfaransa Augustin Fresnel aliweka katika mnara wa Cordouan lenzi iliyoundwa kwa vipande vya kioo vilivyopangwa ili kuukusanya mwanga uliokuwa ukipotea juu na chini na kuutupa wote baharini kama mshale. Lenzi kama hizo zilizungushwa kwa mtambo wa saa uliovutwa na uzito mzito ulioshuka polepole ndani ya mnara, na mlinzi alilazimika kuupandisha tena uzito huo kwa mkono, mara nyingi kwa usiku mmoja. Mzunguko ndio uliofanya mwanga uonekane ukiwaka na kuzimika kwa mpangilio wake maalumu, na kwa mpangilio huo nahodha alitambua yuko mbele ya mwamba upi. Mtambo ukisimama, taa inabaki inawaka lakini inasema uongo. Na kwa maoni yangu taa ya uongo ni mbaya kuliko giza, kwa kuwa gizani nahodha angalau huogopa. Watu wawili wangeweza kugawana zamu hizo kwa wiki moja. Kwa miezi, pamoja na kusafisha masizi kwenye vioo na kupandisha mafuta ngazini mchana, wasingeweza.

Sababu ya pili ni ya kusikitisha zaidi. Kwenye miamba ya Smalls, karibu kilomita 30 kutoka pwani ya Wales, palikuwa na kibanda cha taa kilichosimama juu ya miguu ya mbao. Yapata mwaka 1801 waliishi humo Thomas Howell na Thomas Griffith, watu wawili ambao wenyeji wa nchi kavu walijua kwamba hugombana. Griffith alifariki. Howell, akihofia kwamba akiutupa mwili baharini ataambiwa amemuua mwenzake, alitengeneza jeneza na kulifunga kwa kamba nje ya kibanda. Inasimuliwa kwamba dhoruba ilizivunja mbao za jeneza, na mkono wa marehemu ukabaki ukipepea upande wa dirisha kana kwamba unamwita mtu. Meli zilizopita ziliuona mkono huo na kudhani ni salamu. Taa ilikuwa inawaka kila usiku, basi nani angeshuku jambo? Mashua ilipofika hatimaye, rafiki zake Howell, inasemekana, walimtambua kwa shida. Tangu hapo minara ya miambani ikapewa walinzi watatu, ili mmoja akifa wabaki wawili wa kufanya kazi na kushuhudia.

Hata hivyo watatu nao walishindwa angalau mara moja. Tarehe 26 Desemba 1900 meli ya Hesperus ilifika visiwa vya Flannan, magharibi mwa Uskoti, na kukuta mnara hauna mtu. James Ducat, Thomas Marshall na Donald MacArthur hawakuonekana tena. Taa ilikuwa imesafishwa na kujazwa mafuta, tayari kwa usiku uliofuata, na koti la mvua la mmoja wao lilikuwa bado linaning'inia. Msimamizi aliyechunguza aliamua kwamba wimbi kubwa liliwachukua wakiwa gatini, na sioni sababu ya kutafuta mapepo na mazimwi ambayo watu wameongeza baadaye.

Aliyeivunja hesabu ya watatu ni Msweden Gustaf Dalén, mbunifu wa vali iliyotegemea jua. Ndani yake fimbo nyeusi hupata joto la mchana, ikarefuka na kuufunga mkondo wa gesi. Jioni hupoa, ikafupika, gesi ikapita na taa ikawaka bila mkono wa mtu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, mwaka uleule ambao mlipuko wa gesi ulimpofusha macho yote mawili, na kaka yake ndiye aliyekwenda kuipokea kwa niaba yake. Uingereza ilichukua muda mrefu zaidi kuwaaga walinzi wake: wa mwisho waliondoka katika mnara wa North Foreland mwezi Novemba 1998.