Kwanini Majivuno wa Kusadikika sio gavana tu?

Nilipokuwa fomu foo hapa Mwanza nilikuwa na jedwali nyuma ya daftari, kushoto wahusika wa riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, kulia watu wa kweli. Nchi ya Kusadikika ni Tanganyika, waziri Majivuno ni gavana wa Mwingereza, basi imeisha. Niliamini fumbo la siasa ni kama kufuli, kila mhusika ana funguo yake moja, na kwenye mtihani wa majaribio nikaandika hivyohivyo, nikapata maksi chache na pembeni mwalimu kaandika kwa peni nyekundu "kwa nini?". Sikumwelewa. Na mpaka leo naona wadogo zetu wanakariri jedwali lilelile, inaniuma kwa kweli.

Hadithi kwa ufupi: Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya uanasheria, anajitetea kwa kusimulia wajumbe 6 waliotumwa kuitafutia nchi mema wakarudi wakafungwa.

Sasa fumbo lenyewe linafanyaje kazi? Mimi nilielewa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, nimekaa na mjomba anashona nyavu ya sangara, kila akitaka kufunga fundo anapima kwanza kwa kibao ili macho yote yalingane. Nyavu haijui samaki kwa jina, inachojua ni ukubwa wa jicho tu, anayelingana nalo ananasa mashavu, mdogo anapita zake. Jina Majivuno ndio jicho la nyavu. Mwandishi hakulipima kwa mtu mmoja, kalipima kwa tabia, ndio maana mwaka 1951 kitabu kinatoka gavana ananasa, Tanganyika si ilikuwa chini ya Mwingereza, lakini na mkubwa wa baada ya uhuru, ambaye kitabu kilimtangulia miaka kibao, ananasa vilevile. Jedwali langu hilo lisingeweza kulieleza hata kidogo.

Ila usije ukasema basi kila mtu ni Majivuno, hapana, nyavu bado ina kipimo. Ukoloni kuusoma humo ni halali kabisa, mradi uonyeshe tendo kwenye kitabu, sio kutaja jina tu ukahama. Na nchi yenyewe kaiweka angani, hakuna mtu wa kuinyooshea kidole kwenye ramani akasema ni hii.

Jana mdogo wangu kafuta upande wote wa kulia wa jedwali lake, kaanza kujaza matendo. Mbele ya Majivuno kaandika: anaogopa watu wakijua sheria.