Hakuna Anayeuza Nafasi ya Kwanza: Maelezo kwa Wamiliki wa Tovuti

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la vikoa, yaani majina ya anwani za tovuti, yamebadilika sura. Zamani mtu alikuja kwa sababu jina alilolitaka limeshachukuliwa, au amesahau kulilipia likaisha muda. Siku hizi wengi wanakuja na ankara waliyotumiwa kwa barua pepe, ina nembo ya kuvutia na herufi nyekundu, inadai kwamba tovuti yao isiposajiliwa upya kwenye injini za utafutaji ndani ya siku chache itafutwa. Wapo ambao wameshalipa. Wengine wana lalamiko tofauti: wamenunua jina, wamejenga tovuti, wakitafuta hawajioni, na wameamua kwamba sisi ndio tuliowazuia.

Ankara kwanza, maana jibu lake ni fupi. Huduma inayodaiwa haipo. Google na Bing hazitozi ada ya kuingiza tovuti kwenye matokeo ya kawaida ya utafutaji, wala hazina usajili wa kila mwaka. Ada ya kila mwaka unayoijua ni ya kikoa, nayo unamlipa msajili uliyenunua kwake. Tarehe ya mwisho utaiona ukiingia kwenye akaunti yako. Matangazo ya kulipia yapo, na huwekewa alama kuwa ni matangazo, lakini kuyalipia hakukusogezi hata hatua moja kwenye matokeo ya kawaida. Google wenyewe wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hakuna anayeweza kumdhaminia mtu nafasi ya kwanza. Anayekuambia ana mtu wake ndani, mwache aende zake.

Kuhusu lalamiko la pili, ieleweke kwamba taasisi yetu haina mamlaka wala ushawishi wowote juu ya matokeo ya utafutaji. Tunasajili majina. Jina la kikoa ni anwani, na anwani peke yake haimleti mgeni. Maelezo yanayofuata ni ya jumla na hayachukui nafasi ya miongozo ya injini zenyewe, ambayo hubadilika mara kwa mara.

Mlango kwanza

Injini ya utafutaji hutuma roboti, yaani programu, inayofuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kusoma kilichomo. Inachokikubali inakiweka kwenye faharasa, yaani orodha yake ya kurasa. Mtu akiandika swali, injini inachagua kutoka kwenye faharasa hiyo. Haianzi kuizunguka intaneti wakati huo. Kwa hiyo ukurasa ambao haujaingia kwenye faharasa hauwezi kuwa wa kwanza, wa mia, wala wa mwisho.

Hivi karibuni bwana mmoja alifika na kompyuta yake, amekasirika, tovuti yake ina wiki sita hewani na haipatikani hata akitafuta jina lake lote. Tuliandika anwani yake kwenye kivinjari, tukaongeza /robots.txt mwishoni. Ikafunguka mistari miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Mstari wa kwanza unasema "roboti zote". Wa pili, kwa mkwaju ule mmoja mwishoni, unasema "msiguse chochote". Fundi aliuweka wakati tovuti bado inajengwa, jambo ambalo ni sahihi, kisha akasahau kuuondoa siku ya uzinduzi. Wanaotumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, wana mtego wa namna hiyohiyo: kwenye mipangilio ya usomaji kuna kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji, na alama ya vema ikibaki pale, tovuti nzima inabaki gizani. Kabla ya kuandika barua ya malalamiko, tafadhali angalia vitu hivi viwili. Inachukua dakika moja.

Faili la robots.txt ni utaratibu wa zamani. Ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, roboti zikaufuata kwa hiari kwa muda mrefu, na ukaja kuwa kiwango rasmi mwaka 2022 chini ya namba RFC 9309. Bado ni ombi, si kufuli. Roboti zenye adabu huliheshimu, zisizo na adabu hupita tu. Tena faili hilo husomwa na yeyote anayetaka, kwa hiyo anayeorodhesha humo folda zake za siri amewachorea ramani wezi.

Kuna mkanganyiko tunaoueleza kila wiki, na nitaueleza tena. Faili la robots.txt linazuia ukurasa usisomwe. Halizuii anwani ya ukurasa huo isionekane. Tovuti nyingine zikiweka viungo vinavyoelekea huko, injini inaweza kuonyesha anwani tupu bila maelezo. Ukitaka ukurasa usionekane kabisa, weka agizo la noindex, linaloiambia injini isiuweke kwenye faharasa, ndani ya ukurasa wenyewe, na uache njia wazi ili roboti iingie ilisome. Anayeweka vyote viwili amefunga mlango kisha akabandika tangazo chumbani. Na kama ni nyaraka za watu au za fedha, usihangaike na noindex. Weka nywila. Ile zana ya kuondoa kurasa ndani ya Search Console, huduma ya Google kwa wamiliki wa tovuti, nayo ni ya muda, hudumu takriban miezi sita tu, na wengi huja mwezi wa saba wakidai wameonewa.

Kuthibitisha umiliki

Search Console ya Google ni ya bure, na Bing wanayo yao. Huko ndiko unakoona kurasa zipi zimeingia kwenye faharasa, zipi zimekataliwa na kwa sababu gani, na maneno gani yanawaleta watu kwako. Asiye na akaunti hiyo anabaki kubahatisha, na sisi hatuwezi kubahatisha kwa niaba yake.

Njia tunayopendekeza ni kuthibitisha kikoa kizima kupitia DNS, yaani mfumo unaoelekeza jina la kikoa kwenye seva zake. Utapewa maneno yanayoanza na google-site-verification= yakifuatiwa na mlolongo wa herufi na tarakimu. Ingia pale unaposimamia DNS ya kikoa chako, ongeza rekodi mpya ya aina ya TXT, yaani ya maandishi, kwenye sehemu ya jina weka alama ya @ au iache wazi kulingana na mfumo wako, kwenye thamani bandika mlolongo wote bila kuongeza nafasi mbele wala nyuma. Usifute rekodi nyingine za TXT unazozikuta. Huenda mojawapo ndiyo inayolinda barua pepe zako. Hifadhi, subiri, ndipo ubonyeze kuthibitisha. Ikikataa, usiifute na kuiandika upya mara tano. Mabadiliko ya DNS yanaweza kuchukua saa kadhaa kuenea. Baada ya kuthibitishwa, iache rekodi hiyo hapohapo. Google hukagua tena mara kwa mara, na ikikosekana unapoteza uthibitisho.

Akaunti iwe yako. Mpe fundi ruhusa ya kuitumia, naam, lakini mwenye mali awe wewe. Vivyo hivyo kwa kikoa chenyewe. Tunapokea watu waliogombana na mafundi wao, na kila kitu kiko kwenye barua pepe ya fundi: kikoa, seva, takwimu, hata nywila ya tovuti. Taratibu za kurudisha mambo hayo zipo, ila ni ndefu, na zinahitaji ushahidi ambao kwa kawaida mwenye mali hana.

Sasa, kilichomo ndani. Kila ukurasa unapaswa kuwa na kichwa chake, yale maneno yanayoonekana juu ya kichupo cha kivinjari na mara nyingi kama kiungo kwenye matokeo. Tumeona tovuti yenye kurasa arobaini, zote zikiitwa "Nyumbani – Karibu". Hakuna mtu duniani anayetafuta neno "karibu" akitaka kutengenezewa pampu ya maji. Andika kitu ambacho ukurasa unakihusu, kwa maneno ambayo mteja angeyatumia. Kampuni inajiita "mtoa suluhisho jumuishi za usafirishaji", mteja anatafuta "lori la kuhamisha vyombo". Wewe chagua.

Ule muhtasari mfupi unaoonekana chini ya kichwa hauongezi nafasi, lakini humshawishi mtu kubonyeza. Injini ikiona haufai huandika wake. Orodha ya maneno muhimu iliyofichwa kwenye msimbo, ambayo mafundi wengine bado wanaitoza pesa, Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Kurudia neno moja mara thelathini kwenye aya moja ni hasara tupu, maana hilo huhesabiwa kama udanganyifu. Bei na maelezo yakiwekwa kama picha tu, roboti haiyasomi kwa uhakika, wala asiyeona hayasikii kwenye kifaa chake. Andika maandishi, na picha ipe maelezo mbadala. Kiungo kiseme kinakoenda, si "bonyeza hapa".

Simu nayo si jambo la ziada. Google ilikamilisha mwaka 2023 zoezi la kusoma tovuti kwa toleo la simu kwanza. Ukiondoa nusu ya maelezo kwenye toleo la simu ili ukurasa upendeze, nusu hiyo haipo. Kwa kasi, vipimo vyao ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5 na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Ni vizuri kuvifikia. Ila ukurasa mwepesi usio na jibu bado hauna jibu.

Anayehama kikoa atuombe ushauri kabla, si baada. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye anwani mpya inayolingana nayo, kwa uelekezaji wa kudumu wa namba 301, si zote kurundikwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Uelekezaji huo uuache angalau mwaka mzima. Na jina la zamani usiliache liishe: kununua vikoa vilivyoachwa ili kutumia sifa zake ni biashara ya watu, na ingawa Google iliitaja waziwazi kama ukiukaji mwezi Machi 2024, hilo halitakurudishia jina lako.

Kuhusu adhabu

Neno hili linatumika ovyo. Kushuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya tisa si adhabu. Huenda wengine wamefanya vizuri zaidi, au injini imebadilisha namna ya kupima. Ukijitafuta mwenyewe kwa simu yako pia hupati kipimo, kwa kuwa matokeo hutofautiana kulingana na mahali ulipo.

Hatua za kinidhamu ni jambo jingine. Hizo huchukuliwa baada ya mkaguzi, binadamu, kuthibitisha ukiukaji, na taarifa yake huwekwa ndani ya Search Console kwenye sehemu ya hatua hizo (Manual actions). Kama hakuna taarifa pale, hujachukuliwa hatua hiyo, hata kama fundi wako anasema umechukuliwa. Ukubwa wa jina si kinga. Mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye faharasa kwa kutumia kurasa za kuidanganya roboti, ikarudishwa baada ya kusafishwa. Mwaka 2011 duka la Marekani la J.C. Penney lilishushwa baada ya kubainika kwamba viungo vilikuwa vimenunuliwa kwa ajili yake. Mwaka uliofuata Google ikaanzisha mfumo ulioitwa Penguin, ukilenga hasa viungo vya aina hiyo. Viungo vimekuwa na uzito tangu waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walipofikiria kuvihesabu kama namna ya kura, na kura zikiwa na thamani lazima watokee wa kuzinunua. Tangazo halali linaruhusiwa. Kiungo chake tu kiwekewe alama ya sponsored au nofollow, inayoiambia injini isikihesabu kama kura.

Ukikuta taarifa, soma kama inahusu tovuti nzima au sehemu. Rekebisha kurasa zote zenye tatizo, kwa kuwa anwani zinazotajwa kwenye taarifa ni mifano tu, na waombaji wengi hukataliwa kwa sababu wamesafisha mifano wakaacha mengine. Kisha tuma ombi la kufikiriwa upya. Ombi lieleze tatizo lilikuwa nini, umefanya nini, na matokeo yake ni yapi. Usilaumu. Usieleze unavyopata hasara, hilo halipimwi. Jibu huchukua siku au wiki kadhaa, na la viungo linaweza kuzidi hapo. Usitume ombi la pili kabla la kwanza halijajibiwa.

Faili la kukana viungo, yaani orodha ya viungo unavyoiomba Google isivihesabu, ni kwa waliopata taarifa ya viungo bandia au wanaojua waliwahi kuvinunua. Liwe la maandishi matupu, lisizidi megabaiti 2 wala mistari 100,000. Wengine wote waliache. Tumeona watu wakikana viungo halali vilivyowajenga miaka mingi, eti kwa sababu programu fulani imeviwekea rangi nyekundu.

Kwa kazi ya kawaida ya kuboresha tovuti, Google huwaambia watu wategemee miezi minne hadi mwaka kabla ya kuona faida. Atakayefika dawatini kabla ya hapo tutampokea, lakini aje na jina la kikoa, tarehe tovuti ilipozinduliwa, picha ya skrini ya ripoti ya kurasa kutoka Search Console, na ile ankara kama ipo, ikiwa na anwani kamili ya aliyeituma.