Bima ya nyumba hulinda nini hasa?

Bima ya nyumba ni mkataba ambao mwenye nyumba hulipa ada, kwa kawaida kila mwaka, na kampuni ya bima hujifunga kumfidia iwapo nyumba au mali iliyomo itaharibiwa na janga lililotajwa katika mkataba huo. Neno la kushika hapo ni "lililotajwa". Bima ya moto ambayo benki humtaka mkopaji akate kabla ya kupewa mkopo wa nyumba si lazima iguse wizi, mafuriko wala tetemeko la ardhi. Tetemeko lililoangusha nyumba mkoani Kagera tarehe 10 Septemba 2016 ni aina ya janga ambalo katika mikataba mingine limo tangu mwanzo, na katika mingine huongezwa kwa ada ya ziada.

Mkataba kamili hutenganisha jengo na vilivyomo. Kabati la nguo lililojengewa ukutani ni sehemu ya jengo, pamoja na geti, ukuta wa uzio na masinki. Kabati lililonunuliwa kwa fundi seremala na kuwekwa chumbani ni miongoni mwa vilivyomo. Ndiyo maana mpangaji anaweza kukatia bima jokofu na makochi yake bila kujishughulisha na kuta za mwenye nyumba. Simu na kompyuta mpakato, kwa kuwa hutoka nje na mwenyewe, huwekwa katika fungu la peke yake. Vilevile huwapo fungu la dhima, linalomlipia mwenye nyumba pale ukuta wake unapomwangukia jirani.

Kuhusu wizi, kampuni nyingi hudai dalili za kuvunja: kitasa kilichong'olewa au nondo zilizokatwa. Aliyeingia kwa mlango ulioachwa wazi akabeba televisheni amekuibia kweli, lakini huenda usilipwe. Nyumba iliyofungwa muda mrefu kupita siku zilizowekwa, mara nyingi 30, nayo hupoteza kinga hiyo ya wizi, jambo linalopaswa kuwashughulisha wanaojenga nyumbani huku wakiishi Muscat au London. Nyumba ya makuti huhitaji kutajwa waziwazi, kwa sababu kampuni huiona kuwa rahisi kushika moto na huitoza ada kubwa zaidi, au huikataa kabisa.

Kisicholipwa kamwe ni uchakavu. Bomba likipasuka ghafla usiku na kulowesha dari, hiyo ni ajali. Ukuta uliokula unyevu kwa miaka mitano hadi plasta ikabanduka ni matengenezo yaliyoahirishwa, na mchwa walio kwenye kenchi wamo katika fungu hilohilo.

Wengi hukosea zaidi katika kiasi cha bima. Kiasi hicho hakitokani na bei ambayo nyumba ingeuzwa, kwa kuwa bei hiyo ina thamani ya kiwanja, na kiwanja hakiungui. Hutokana na gharama ya kuijenga upya leo, pamoja na kuondoa kifusi. Anayepunguza kiasi ili alipe ada ndogo hukutana na kanuni ya wastani. Tuseme kuijenga upya nyumba yako kungegharimu shilingi milioni 120, nawe umeikatia bima ya milioni 60. Jiko likiungua na hasara ikawa milioni 20, kampuni itasema umelinda nusu tu ya nyumba, na itakulipa milioni 10, na humo itakata pia ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unataka uibebe mwenyewe. Kwa maoni yangu, wakala asiyemweleza mteja kanuni hii kwa mfano wa tarakimu hajamuuzia bima, amemuuzia karatasi.

Janga likitokea, toa taarifa mapema kwa kampuni, na kwa polisi pia kama ni wizi, kisha piga picha kabla ya kusafisha. Mkadiriaji hasara atakapofika atataka kuona hata mabaki ya jokofu lililoungua, kwa hiyo usimpe muuza vyuma chakavu.